Homa Katikati ya Kuongezewa Damu: Kosa Liko kwenye Mfuko au kwenye Mrija wa Shingoni?

Mgonjwa amelala, mrija wa plastiki umeingia shingoni upande wa kulia na kushonwa kwenye ngozi. Mfuko wa damu umetundikwa dakika 40 zilizopita. Ghafla anaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia, meno yanagongana, na kipimajoto kinasoma 39.1. Muuguzi wa zamu ana dakika moja au mbili za kuamua, na mbele yake yapo maelezo manne. Huenda damu si ya kundi lake. Huenda ni ya kundi lake, lakini mfuko umeingia bakteria. Huenda damu haina kosa, ila mwili umekerwa na mabaki ya chembe nyeupe za mchangiaji. Au damu haihusiki kabisa: mrija wenyewe ulishaota vijidudu, na kila kinachopita ndani yake kinavisomba na kuvifikisha karibu na moyo. Huku kwetu kuna na la tano lisilokosa kutajwa, nalo ni malaria aliyokuja nayo mgonjwa.

Kuongezea damu na kutunza mrija wa mshipa mkuu hufundishwa kama masomo mawili. Wodini ni mgonjwa mmoja: mtoto wa saratani, mtu mzima wa figo, majeruhi wa ajali ya bodaboda, mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ili kuyatenganisha maelezo yale, lazima ujue kila moja linaanzia wapi, na mengi huanza saa kadhaa kabla ya tetemeko.

Jina, wala si kitanda

Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu ambayo leo tunayaita A, B na O; AB lilifuata baada ya muda mfupi. Linalofanya makundi haya yawe hatari kuliko mengine ni kwamba kingamwili zake hazisubiri mtu apewe damu ya mwingine ndipo zitengenezwe. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B tangu utotoni, hata kama hajawahi kuongezewa tone. Akipewa chembe nyekundu za kundi A, kingamwili hizo huzishika na kuzipasua ndani ya mishipa papo hapo. Hemoglobini inayomwagika huumiza figo, shinikizo la damu huporomoka, na damu huanza kuganda ovyo hadi viganzo, yaani vitu vinavyoigandisha, vinaisha na mgonjwa anavuja kila alipochomwa sindano. Mililita 5 hadi 10 zinatosha kuanzisha haya yote. Ndiyo maana usimamizi wa dakika 15 za kwanza haukabidhiwi kwa ndugu aliyekaa kando ya kitanda.

Maabara ikipima kundi na ulinganifu bila kosa lolote, bado mgonjwa anaweza kupewa damu isiyo yake. Maabara hupima kilichomo kwenye kichupa, na haimjui mtu. Kosa hutokea mahali pawili: pale damu ya kupimia inapotolewa na pale mfuko unapotundikwa. Kichupa kiandikwe jina pale pale kando ya kitanda, baada ya damu kuingia, na aliyeitoa. Vichupa vitano vilivyobandikwa majina mapema mezani kisha kuzungushwa wodini ni mtego, na anayenasa ni mgonjwa.

Kwenye wodi zetu kuna mambo mawili yanayoongeza hatari hii, na vitabu vya nje havisemi sana juu yake. Kwanza, vitanda hugawanwa. Wagonjwa wawili wakilala kitanda namba 7, namba ya kitanda haimtambulishi yeyote. Pili, watu wazima wengi huitwa kwa majina ya watoto wao. Mama Asha wanaweza kuwa watatu wodi moja, na ukiita "Mama Asha?" wote watatu wataitika kwa adabu. Kwa hiyo muuguzi haulizi "Wewe ndiye Mama Asha?" Anauliza: "Shikamoo mama, naomba unitajie majina yako matatu na mwaka wa kuzaliwa." Kisha analinganisha jibu na bangili ya mkononi, namba ya hospitali, fomu ya maabara na lebo ya mfuko. Mtoto hutajiwa na mzazi. Aliyepoteza fahamu na hajulikani hupewa namba ya muda, na namba hiyo ndiyo inayotumika kila mahali bila kubadilishwa katikati ya matibabu hata jina lake likijulikana, mpaka benki ya damu iarifiwe.

Wahakiki wawe wawili, kila mmoja akisoma kwa macho yake. Mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akiitikia "sawa" akiwa anaandika faili jingine, aliyehakiki ni mmoja. Wasome jina, namba ya mgonjwa, kundi lililo kwenye mfuko na kwenye fomu, namba ya mfuko na tarehe ya kuisha. Kisha wautazame mfuko wenyewe dhidi ya mwanga: mabonge, viputo, tundu, rangi iliyogeuka zambarau au nyeusi, au plazma, yaani maji ya damu yanayoelea juu, iliyotiwa wekundu na chembe zilizopasuka. Hata dalili moja kati ya hizi inatosha kurudisha mfuko.

Kuhusu kauli kwamba O huwapa wote: ni kweli kwa chembe nyekundu tu. Kwa plazma mambo hugeuka, kwa sababu plazma ndiyo inayobeba kingamwili. Plazma ya AB huweza kwenda kwa wote, na ya O humfaa mtu wa O peke yake.

Saa huanza kwenye mlango wa friji

Chembe nyekundu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6, na katika CPDA-1, mchanganyiko wa kawaida wa kuzuia kuganda na kulisha chembe, hudumu siku 35. Mfuko ukishatoka friji, una dakika 30 za kuanza kuingia kwa mgonjwa na saa 4 za kumalizika. Saa hizo nne zina sababu yake. Bakteria wachache walioingia wakati wa kuchangia hulala kwenye ubaridi. Katika joto la wodi ya Dar es Salaam au Mombasa huamka na kuzaana. Kilichobaki saa nne zikiisha kinamwagwa, hata kama ni robo ya mfuko na hata kama ndugu walihangaika siku nzima kutafuta wachangiaji. Inauma, lakini damu iliyochacha inaua haraka kuliko upungufu wa damu.

Basi kanula (mrija mfupi wa mkononi) au mrija wa shingoni uhakikishwe unapitisha kabla ya mtu kutumwa benki ya damu, na uletwe mfuko mmoja mmoja. Usiutunze kwenye friji ya chanjo au ya dawa ya wodini. Ukigusa sehemu ya barafu, chembe hupasuka, na zikipasuka zinadhuru sawa na damu isiyolingana. Kuutumbukiza kwenye beseni la maji ya moto au kuuanika dirishani kuna matokeo yale yale. Mgonjwa wa kawaida anayepewa polepole hahitaji damu iliyopashwa moto. Anayehitaji ni yule anayepewa kwa kasi kubwa, zaidi ya mililita 50 kwa kilo kwa saa kwa mtu mzima au 15 kwa kilo kwa saa kwa mtoto, na hapo hutumika kifaa maalumu chenye kipimajoto na king'ora.

Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zina tabia tofauti. Hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa muda wote, hudumu siku 5, na hazitiwi friji kamwe. Zikifika wodini hutundikwa mara moja na kwa kawaida huisha ndani ya dakika 20 hadi 30. Kwa kuwa zimekaa kwenye joto la chumba, ndizo zinazobeba bakteria mara nyingi zaidi. Homa kali baada ya chembe sahani ichukuliwe kuwa maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Matone

Mpira wa damu, ule unaoishusha kutoka mfukoni, una kichujio cha mikromita 170 hadi 200 ndani ya chemba yake. Mpira wa kawaida wa dripu hauna, kwa hiyo hautumiki kwa damu. Hubadilishwa angalau kila saa 12, na mahali pa joto baada ya mifuko minne hata kama saa hizo hazijatimia. Kinachoruhusiwa kukutana na damu ndani ya mpira ni salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9 tu. Ringa lakteti ina kalisiamu, nayo hushinda sitreti, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo mfukoni, na kugandisha damu. Dekstrozi ya asilimia 5 hupasua chembe. Dawa haiongezwi kwenye mfuko, iwe ni antibayotiki au frusemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo.

Kabla ya kufungulia, andika joto, mapigo, shinikizo, pumzi na oksijeni. Pasipo vipimo hivi hakuna atakayejua baadaye kama homa ilikuwapo kabla ya damu au imekuja nayo, na swali letu la mwanzo litakosa jibu kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa wazi kwenye chati. Pima tena dakika 15 baada ya kuanza, kisha kila saa, unapomaliza, na saa 4 baadaye.

Chukua mfuko wa chembe nyekundu wa mililita 300 unaotakiwa uishe kwa saa 3. Soma kwanza pakiti ya mpira: mingine hutoa matone 15 kwa mililita, mingine 20. Dakika 15 za kwanza uwe kwenye mililita 1 kwa dakika, yaani matone 15 au 20 kwa dakika kulingana na mpira, na utakuwa umetumia mililita 15. Zinabaki 285 kwa dakika 165. Hiyo ni kama mililita 1.7 kwa dakika, sawa na matone 26 kwa mpira wa 15, au 35 kwa mpira wa 20. Hesabu tena kila unapopima vipimo, maana damu ikipungua mfukoni au mgonjwa akikunja shingo, kasi hubadilika bila mtu kuigusa.

Kwa mtoto hesabu hii ni ya uhai. Mtoto wa kilo 10 ana kama mililita 800 za damu mwilini mwake. Kiwango kilichozoeleka kwake ni mililita 200 za damu kamili, yaani 20 kwa kilo, au mililita 100 za chembe nyekundu, yaani 10 kwa kilo. Mfuko wa damu kamili una takriban mililita 450 za mchangiaji pamoja na dawa ya kuzuia kuganda. Ukitundikwa mzima na kusahaulika, mtoto ataingiziwa zaidi ya nusu ya damu aliyonayo. Ndipo utasikia mapafu yanachemka na kuona pua zinapanuka, ini linavimba, oksijeni inashuka. Kipimo kiwekwe kwenye bureti (chemba ya kupimia ya dripu) yenye matone 60 kwa mililita, iliyo na kichujio cha damu. Faida yake ni kwamba idadi ya matone kwa dakika huwa sawa na mililita kwa saa: mililita 200 kwa saa 4 ni 50 kwa saa, yaani matone 50 kwa dakika. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha mililita 20 na 30 kwa kilo kwa watoto wenye upungufu mkali. Kwa jumla vifo havikutofautiana, lakini watoto wasio na homa walifaidika na 30 na wale wenye homa waliumia nayo. Kumbe kipimajoto kina kazi hata kabla ya kuamua kiasi.

Kujaa maji hivi huwapata pia wazee, wenye moyo dhaifu, wenye figo, watoto wenye utapiamlo na mama mwenye kifafa cha mimba. Mkalishe mgonjwa wima, mpe oksijeni, simamisha damu, na daktari ataamua frusemaidi. Kumpa kila mgonjwa frusemaidi kwa mazoea si sahihi: aliyetokwa damu hana maji ya ziada ya kutoa. Vivyo hivyo haidrokotisoni (dawa ya kutuliza mzio) kabla ya kila mfuko haizuii kifo cha kundi lisilolingana, na inaweza kuficha dalili za mapema ambazo zingekuonya.

Mrija wa mshipa mkuu

Mrija huu huingia kupitia shingoni, chini ya mtulinga au kinenani. Uliopitia shingoni au kifuani, ncha yake hukaa kwenye mshipa mkuu wa juu, karibu kabisa na unapofungukia moyoni. Kabla ya kuutumia huo, eksirei ionyeshe ncha iko wapi na kwamba pafu halikutobolewa. Ule wa kawaida wa wodi ya mahututi una njia tatu ndani ya mrija mmoja, kila njia na tundu lake, na zimeachana kidogo ili dawa zisikutane kabla ya kuchanganywa na damu. Njia ya mwisho, inayotokea nchani, kwa kawaida ndiyo pana zaidi. Damu hupitishwa humo.

Wengi hudhani mrija wa shingoni ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Sivyo. Kasi ya kimiminika hutegemea upana wa njia kwa namna ya ajabu, kwani nusu kipenyo kikiongezeka mara mbili kasi huongezeka mara 16, na urefu huipunguza. Mrija wa njia tatu ni mrefu na njia zake ni nyembamba. Mama anayemwaga damu wodi ya wazazi ataokolewa upesi zaidi na kanula mbili fupi nene za mkononi, ya kijivu au ya rangi ya chungwa, kuliko kusubiri mtu wa kumchoma shingoni.

Ubaya mwingine wa damu baridi kupitia njia hii ni mahali inapofikia. Ikisukumwa kwa kasi kutoka friji, hufika karibu na sehemu inayoanzisha mapigo ya moyo kabla haijapata joto, na moyo unaweza kupoteza mpangilio wake. Ikienda kwa matone hakuna shida.

Njia yenye adrenalini au noradrenalini isiguswe kwa damu: ukibadilisha kasi ya damu, unamsukumia mgonjwa dawa ya moyo yote iliyokuwa ndani kwa mkupuo, kisha inakatika. Njia ya lishe iachwe kwa lishe. Njia yenye kalisiamu haifai, kwa sababu ile ile ya Ringa. Na mrija wa kusafishia figo, wenye midomo miwili ya nyekundu na buluu, huachwa umejazwa heparini nzito, dawa ya kuzuia damu kuganda. Asiyejua akiuflashi, yaani akiusafisha kwa kusukuma salaini, anamwingizia mgonjwa heparini hiyo yote. Uguswe na wauguzi wa kitengo cha figo, baada ya kuvuta na kumwaga kilichomo.

Vijidudu huingia kwa milango miwili. Siku za mwanzo hutambaa kutoka kwenye ngozi kufuata ukuta wa nje wa mrija. Ukishakaa muda, huingia kupitia midomo yake kila inapofunguliwa. Mlango wa kwanza hulindwa siku ya kuuweka: mikono iliyooshwa, mgonjwa aliyefunikwa shuka safi ya upasuaji mwili mzima, anayeuweka akiwa na gauni, kofia, barakoa na glavu tasa, ngozi iliyopakwa klorheksidini yenye spiriti na kuachwa ikauke, kinena kikiepukwa kwa mtu mzima inapowezekana. Ongeza swali la kila asubuhi: mrija huu bado unahitajika? Mambo hayo matano tu, katika vitengo 103 vya wagonjwa mahututi vya Michigan, Marekani, yalishusha maambukizi kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri kama kiwango cha katikati ndani ya miezi mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Hakuna mashine ya gharama humo. Kilichosaidia sana ni kwamba muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na hilo ndilo gumu zaidi kulileta kwenye hospitali zetu.

Mlango wa pili ni wa muuguzi peke yake. Kila unapotaka kufungua mdomo wa mrija, usugue kwa spiriti ya asilimia 70 au klorheksidini yenye spiriti, juu na pembeni, kwa kuzungusha kwa nguvu sekunde 15, kisha uuache ukauke wenyewe. Spiriti iliyo mbichi bado haijamaliza kazi. Kuipuliza kwa mdomo ni kuurudishia vijidudu. Bandeji ya plastiki inayoonyesha ndani hubadilishwa kila siku 7, ya gozi kila siku 2, na yoyote iliyolowa, kubanduka au kuingia damu hubadilishwa saa hiyo hiyo. Kwa mgonjwa anayetoka jasho sana au anayevuja, gozi ni bora kuliko plastiki.

Flashi kwa bomba la sindano la mililita 10 au kubwa zaidi. Bomba dogo hutoa shinikizo kubwa, na linaweza kupasua mrija au kusukuma bonge. Mililita 10 za salaini kabla na baada ya dawa, 20 baada ya damu, kwa kusukuma na kutua, kusukuma na kutua, ili maji yakoroge na kung'oa kilichoshika kuta. Funga klampu (kibano cha mrija) ukiwa bado unasukuma, damu isirudi ndani. Damu isiyoflashiwa vizuri huacha utando. Utando huo huziba njia na pia ni chakula cha bakteria. Njia ikigoma usilazimishe. Mwombe mgonjwa ageuze shingo, akohoe, anyanyue mkono, maana pengine ncha imegusa ukuta tu. Ikikataa kuingia na kutoka, fungia njia hiyo, andika "imeziba", mjulishe daktari. Bonge likisukumwa litaenda kwenye mapafu.

Kosa moja hujificha sana: damu ya kupima iliyotolewa kwenye mrija huku dripu ikiendelea. Salaini huichanganya, hemoglobini inasoma chini kuliko ilivyo, na mgonjwa anaandikiwa damu asiyoihitaji. Simamisha dripu zote, vuta mililita 5 hadi 10 za mwanzo na uzimwage (kwa mtoto, kidogo zaidi), chukua kipimo, flashi 20. Hemoglobini iliyoshuka ghafla bila mgonjwa kuvuja na bila mapigo kubadilika, rudia kabla ya kuagiza mfuko.

Hewa nayo. Mgonjwa akiwa amekaa na kuvuta pumzi, mdomo wa mrija ulioachwa wazi hunyonya hewa hadi moyoni. Klampu ifungwe kila kinapotolewa kifuniko. Wakati wa kuutoa mrija, mlaze chali kichwa chini kidogo, avute pumzi na kuishikilia au akamue kama anayejisaidia, toa kwa mkupuo laini, bana kwa gozi angalau dakika 5, kisha funika kwa bandeji isiyopitisha hewa kwa saa 24, na abaki amelala dakika 30. Akikatwa pumzi ghafla, ziba tundu, mgeuze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni nyingi, ita msaada.

Sasa, lile tetemeko

Funga damu kwanza, mengine yafuate. Usipunguze kasi "tuone". Utoe mpira wa damu kwenye mdomo wa mrija wenyewe. Usiisukume damu iliyobaki ndani ya mpira kwa salaini, kwani kufanya hivyo ni kumwongezea sumu ile ile. Unganisha mpira mpya wenye salaini. Lakini kwa mgonjwa wa mrija wa shingoni kuna hatua ya ziada ambayo husahaulika: tafuta mshipa wa mkononi, uweke kanula, na salaini ipite huko. Ikiwa mrija ndio wenye vijidudu, kila mililita unayopitisha humo inavipeleka ndani.

Rudia utambuzi wote: jina, bangili, fomu, mfuko. Ukikuta umetundika mfuko wa mtu mwingine, kimbiza habari benki ya damu papo hapo, kwa maana huenda mfuko wa huyu uko njiani kwenda kwa yule.

Kisha soma dalili pamoja na saa. Ndani ya dakika chache, maumivu ya mgongo au kifua, joto kali pale damu inapoingilia, hofu ya kufa inayosemwa kwa mdomo, mkojo wa rangi ya kokakola: kundi halilingani. Aliye kwenye nusukaputi hatasema, kwa hiyo tazama shinikizo, mkojo wa mfuko na uvujaji wa jeraha. Homa kali na shinikizo kuporomoka haraka: mfuko una bakteria. Joto lililopanda nyuzi 1 hadi 2, baada ya nusu saa au zaidi, bila shinikizo kushuka, utambuzi ukiwa sahihi: mabaki ya chembe nyeupe, parasetamoli, na daktari anaweza kuruhusu damu iendelee taratibu. Mabaka yanayowasha pasipo kingine: mzio mwepesi. Mabaka pamoja na kukoroma kwa pumzi na shinikizo kushuka: adrenalini kwenye msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kabla ya dawa nyingine yoyote.

Sasa fungua chati ya siku mbili zilizopita. Je, alitetemeka jana baada ya kuflashiwa mrija, wakati hakuna damu? Je, kila antibayotiki inayopita shingoni huletea baridi nusu saa baadaye? Hiyo ndiyo sauti ya mrija wenyewe. Ngozi ya pale unapoingilia inaweza kuwa safi kabisa, maana vijidudu viko ndani ya njia.

Vipimo ndivyo vinavyofunga mjadala, na vichukuliwe kabla ya antibayotiki, bila kuichelewesha. Damu ya kuotesha kutoka kila njia ya mrija na kutoka mshipa wa mkono mwingine, kwa wakati mmoja, kiasi sawa, mililita 8 hadi 10 kila chupa kwa mtu mzima, kila chupa ikiandikwa ilikotoka. Penye mashine ya kuotesha, chupa ya mrija ikiota saa 2 au zaidi kabla ya ile ya mkono, mrija ndio chanzo. Kutoka mkono ule mwingine pia, kichupa cha kurudia kundi na ulinganifu, na cha kutazama plazma kama imekuwa nyekundu. Mkojo wa kwanza. Mfuko pamoja na mpira wake, vimefungwa, virudi benki ya damu navyo vioteshwe. Visitupwe kwenye pipa la taka hatarishi na mtu wa usafi aliyedhani kazi imeisha. Penye malaria, kipimo cha malaria pia.

Namba ya mfuko ibaki kwenye faili hata kama yote yametulia, kwa sababu kuna mmenyuko unaochelewa. Aliyewahi kuongezewa damu nyingi, kama mwenye selimundu, na hata mama aliyezaa mara kadhaa, anaweza kuwa na kingamwili chache mno zisizoonekana kwenye kipimo, zikaamka siku 5 hadi 10 baadaye na kuvunja chembe alizopewa. Wakati huo yuko nyumbani. Aelezwe kabla hajaruhusiwa, na ndugu yake akisikia: macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, homa ikirudi au uchovu ukizidi kuliko alivyoondoka, arudi siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba aliongezewa damu wiki iliyopita.